Kamba mbili chini ya mparachichi

Bamdogo alifariki mwezi wa nne, saa saba mchana, chini ya mparachichi alioupanda mwenyewe akiwa kijana. Naanza na hilo maana yote ninayotaka kuandika leo yametokea hapo. Masika ilikuwa imekolea, kule kwetu Kibosho mvua imepiga siku nne mfululizo, na mti ulikuwa umebeba mno, matawi yameinama mpaka unachuma bila ngazi. Yeye alikuwa anashuka Moshi mjini kupeleka redio kwa fundi, akampigia bodaboda wake wa siku zote, kijana akamwambia nipe dakika kumi mzee nimepata pancha hapa chini, basi bamdogo akasogea pembeni ya njia akasimama chini ya mti kujikinga na manyunyu. Tawi likakatika. Boda anafika anakuta watu wameshajaa.

Sa kwenye matanga nilikaa siku tatu nasikiliza watu, na kitu kimoja kilinishangaza mimi ninayefundisha fizikia sekondari: hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini tawi lilikatika. Hilo kila mtu alikuwa na jibu lake, mvua, uzito wa matunda, mti umezeeka, wazee wetu wanajua miti kuliko mi ninavojua vekta. Swali lilikuwa lingine kabisa. Kwa nini saa ile? Kwa nini yeye, wakati njia ile wanapita watoto wa shule, wanapita akina mama na mikungu kichwani, anapita kila mtu? Tena mwezi wa pili binamu yangu alivunjika mguu kwenye ajali ya pikipiki, mwezi wa tatu ng'ombe wa bibi akafa usiku bila kuumwa. Mambo matatu ndani ya miezi mitatu kwenye boma moja. Mtu akasema kwa sauti ya chini, hapa kuna mkono wa mtu, na baada ya hapo hawakusema tena kwa sauti ya chini.

Mkono ukatafutiwa mwenyewe. Akapatikana shangazi yangu, dada yake marehemu, aliyerudi nyumbani baada ya ndoa yake kuvunjika, na ambaye wiki mbili kabla alikuwa amegombana na bamdogo kuhusu mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, mistari miwili ya migomba basi. Niliona kwa macho yangu watu wanaacha chai aliyoipika yeye. Iliniuma sana, na nilinyamaza, kwasababu sikuwa na neno ambalo lingesikika pale. Ningesema "ni bahati mbaya tu"? Hiyo "tu" ndo tatizo. Mtu amefiwa, ukimwambia "tu" umemwambia hujali.

Nimekaa na hii kitu miezi sasa. Nikaanza na maneno yenyewe, maana nilihisi lugha yetu imeshatupa jibu kabla hatujauliza. Ajali, hii tunayosema haina kinga, asili yake ni Kiarabu na huko ni muda uliowekwa, siku ya mwisho ya mtu iliyopangwa. Nasibu nayo ni fungu, mgao, yaani yupo mgawaji. Kwahiyo hata tukitaka kusema jambo limetokea hivi hivi, neno tunaloshika linasema limepangwa. Alafu kuna sababu. Kwenye Kiarabu cha zamani hilo neno lilikuwa na maana ya kamba, ile unayofungia kitu ili ukivute au ukifikie. Hii nimeipenda mno na nitaendelea kuishika: sababu ni kamba, na swali ambalo watu wa fizikia wamehangaika nalo zaidi ya miaka mia mbili ni je, kila kinachotokea kimefungwa kamba?

Mwaka 1814 mwanahisabati Mfaransa, Laplace, alijibu ndiyo bila kusita. Alisema tufikirie akili moja kubwa ambayo kwa nukta moja ya wakati inajua kila kitu kilipo na kila nguvu inayokisukuma, kwa akili hiyo hakuna kitakachokuwa na shaka, kesho na jana vitakuwa wazi mbele yake sawasawa. Bahati kwake ni jina la kile ambacho sisi hatukijui. Na alikuwa na haki ya kujiamini, wenzake walishakuwa wanatabiri kupatwa kwa jua miaka mingi kabla na jua linapatwa kweli.

Ila aliyenisaidia mimi zaidi ni Mfaransa mwingine ambaye wengi hatumsomi, Cournot, mwaka 1843. Yeye alisema hata kama kila tukio lina sababu yake, bahati bado ni kitu halisi, siyo ujinga wetu: bahati ni pale mifuatano miwili ya sababu isiyohusiana inapokutana mahali pamoja. Kamba mbili zinapishana. Niliposoma hivo nikaona njia ya Kibosho mbele yangu. Kamba ya kwanza ni mti, miaka thelathini ya kukua, mzigo wa matunda, maji kwenye majani, kuoza kwenye shina la tawi. Kamba ya pili ni redio kuharibika, boda kuitwa, pancha, dakika kumi. Kila kamba ukiifuata nyuma haina pengo hata moja. Kinachokosekana ni kamba ya tatu inayozifunga hizo mbili ili zikutane saa saba mchana. Na "mkono wa mtu" ukiutazama vizuri ni hiyo kamba ya tatu, watu wanaidai kwasababu kukutana kwenyewe kunauma kuliko tawi.

Hapo nilitulia kama wiki mbili, afu nikaenda kuongea na yule boda. Nikamuuliza pancha ilikuwa ya nini. Akaniambia jiwe, mvua ilikuwa imechimba barabara mawe yakabaki juu kama meno. Aisee. Nikarudi nyumbani nikachora upya. Mvua ndo iliyolowesha tawi. Mvua ndo iliyotoa mawe barabarani. Mvua, yaani manyunyu yake, ndo iliyomsogeza bamdogo chini ya mti. Kamba zangu mbili nilizosema hazihusiani kumbe zote zimefungwa kwenye kigingi kimoja, mvua. Mwanafalsafa Reichenbach alilifanyia kazi hili, kitabu chake kikatoka 1956 akiwa ameshafariki: mambo mawili yakizoea kutokea pamoja bila moja kusababisha lingine, tafuta nyuma yake kitu kimoja kilichoyazaa yote. Sisi tunasema dalili ya mvua ni mawingu, lakini chura naye analia kabla ya mvua na hakuna anayedhani chura ndo analeta mvua.

Kwahiyo Cournot peke yake hakutosha. Kulikuwa na sababu moja iliyounganisha, kweli ilikuwepo kamba ya tatu, wale waliosema "haiwezi kuwa hivi hivi" walikuwa na kipande cha ukweli na nataka niwape. Kosa lao ni kudhani kamba ikiwepo lazima mwisho wake ashike mtu.

Je, ingewezekana kujua kabla? Laplace angesema ndiyo kwa ile akili yake kubwa. Mwaka 1961 kule Marekani, chuo cha MIT, Edward Lorenz alikuwa anaendesha hali ya hewa ya kufikirika kwenye kompyuta, akataka kurudia sehemu ya hesabu, badala ya 0.506127 akaingiza 0.506 maana karatasi ilikuwa imechapa tarakimu tatu tu. Tofauti ni ndogo kuliko moja ya elfu. Mwanzoni hesabu mbili zikaenda pamoja, baada ya muda hali ya hewa ya pili ikawa haifanani kabisa na ya kwanza. Hakuna bahati yoyote kwenye ile programu, kila hatua inafuata kanuni, ila kujua kwako lazima kuwe kamili au baada ya muda hujui kitu. Hakuna mtu Kibosho, wala mahali popote, ambaye angelijua tawi lile kwa dakika. Kulijua kwa mwaka, hilo ni kitu kingine, na nitalirudia.

Mpaka hapa bado tuko kwa Laplace, kila kitu kina kamba sema sisi hatuzioni. Na mimi kwa miaka mingi nilifundisha hivo hivo, nikidhani mtu wa sayansi lazima asimamie hapo, kwamba kusema kitu kimetokea bila sababu ni kushindwa kazi. Kilichonigeuza ni ndizi.

Kwenye matanga tulikula mtori wa ndizi siku zote tatu. Ndizi moja ya kawaida ina potasiamu pungufu kidogo ya nusu gramu, na kati ya atomu 10,000 za potasiamu, moja hivi ni ya aina inayoitwa potasiamu 40, ambayo kiini chake hakijatulia. Ukipiga hesabu unapata kwenye ndizi moja atomu za aina hiyo zaidi ya trilioni laki saba. Kati ya hizo, kila sekunde, kama 13 zinavunjika. Nyingi zinageuka kalsiamu, na kama moja kati ya tisa inageuka agoni, gesi. Ni kidogo mno, ukisogeza kipima mionzi cha kawaida kwenye ndizi huenda usione tofauti maana mionzi ya ardhi na ya angani inaifunika, na haina madhara, mwili wako wewe unayesoma hapo una potasiamu ya kufanya hivo zaidi ya mara 4,000 kila sekunde.

Sa uliza swali la matanga. Atomu 13 zimevunjika sekunde hii. Kwa nini hizo? Trilioni laki saba zimebaki, zote zina protoni 19 na nyutroni 21, hakuna iliyo mgonjwa, hakuna iliyochoka. Na hapa ndo pagumu, maana vitu tulivozoea vyote vinazeeka. Tawi linaoza kidogo kidogo, tairi linaisha, mzee anadhoofika, ukipima vizuri unaona kinakuja. Atomu haizeeki. Nusu-maisha ya potasiamu 40 ni miaka bilioni 1.25, yaani ukiwa na rundo lake, baada ya muda huo nusu imeondoka. Lakini atomu ambayo imeshasubiri miaka bilioni nne, tangu dunia inaumbika, uwezekano wake wa kuvunjika dakika ijayo ni uleule kabisa na wa atomu iliyozaliwa jana. Haikumbuki kwamba imesubiri. Wanasayansi Rutherford na Soddy waliipata kanuni yake 1902, na tangu hapo watu wamejaribu joto, wamejaribu mgandamizo, na kwa atomu nyingi haisogei, au kwa chache inasogea kidogo mno. Huwezi kuishawishi.

Kilichonifanya nikae chini ni kinachotokea ukiziweka pamoja. Panda hapa Arusha, pita Karatu, panda ukingo wa Ngorongoro, shuka upande wa pili mpaka Bonde la Oldupai. Tarehe 17 Julai 1959 Mary Leakey aliona pale fuvu la zamadamu ambalo walilipa jina Zinjanthropus, liko Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam. Lina umri gani? Hakuna aliyekuwa na saa. Ila pale kuna tabaka za majivu ya volkano, na volkano inapotapika, joto linafukuza agoni yote kwenye mawe, saa inaanza sifuri. Kuanzia siku hiyo potasiamu iliyoko kwenye fuwele za yale majivu inavunjika moja moja, agoni inanaswa ndani. Mwaka 1961 Louis Leakey na wenzake wawili, Evernden na Curtis, wakatoa jibu: miaka milioni 1.75. Wengi walikuwa wanadhani haifiki hata milioni moja.

Fikiria hilo kwa utulivu. Kila atomu moja imevunjika bila kuambiwa na yeyote, bila saa, bila kamba tunayoweza kuishika, na zote kwa pamoja zimetunza muda wa miaka milioni na robo tatu kuliko mtunza kumbukumbu yeyote. Sijapata kuona kitu kinachonigusa kama hiki kwenye somo langu lote. Nilikuwa nadhani bila sababu maana yake ni bila mpangilio, vurugu. Kumbe mpangilio unaweza kukaa juu, kwenye wengi, na kule chini kwa mmoja mmoja pasiwe na chochote. Hata hewa unayovuta sasa hivi, karibu asilimia moja yake ni agoni, na karibu yote imezaliwa hivo.

Najua mtu atasema subiri mwalimu, labda kuna kitu ndani ya atomu hatujakiona, gurudumu dogo linalohesabu. Einstein mwenyewe alikuwa upande huo, 1926 alimwandikia mwanafizikia mwenzake Max Born kwamba haamini Mungu anacheza kamari. Swali hili lilikaa miaka kama ubishi wa kijiweni, kila mtu na imani yake, mpaka John Bell wa Ireland ya Kaskazini alipoligeuza kuwa swali la kupima, 1964. Nitajaribu kulieleza kwa viatu vya soko la Memorial. Umenunua jozi ya mtumba, umeweka kila kiatu kwenye boksi lake, moja ukabaki nalo Moshi, lingine ukalituma Dar. Ukifungua lako ukakuta cha kushoto, papo hapo unajua cha Dar ni cha kulia. Hakuna maajabu, viliwekwa hivo tangu mwanzo. Sasa kuna chembe zinazozaliwa kwa jozi na zinafanana majibu namna hiyo, Einstein akasema basi ni viatu, jibu limo ndani ya boksi tangu mwanzo sema hatulioni. Bell akaonyesha kwamba ukimruhusu kila mmoja achague jinsi ya kufungua boksi lake, huku au kule, kwa pembe hii au ile, basi kama ndani ni viatu na hakuna habari inayokimbia kati ya Moshi na Dar, kuna kipimo cha kufanana ambacho hakiwezi kupita 2. Fizikia ya kwanta, ile ya chembe ndogo kabisa, inasema kitafika 2.8 hivi. Wakapima. Aspect na wenzake Ufaransa 1982 wakapata karibu 2.7. Watu wakatafuta matundu kwenye jaribio, yakazibwa moja moja, 2015 maabara tatu tofauti zikayaziba yale makubwa kwa pamoja, na 2022 Aspect, Clauser na Zeilinger wakapewa Nobel.

Siyo viatu. Au tuseme kwa uangalifu zaidi, maana hapa watu wanapenda kurukia: ukitaka kubaki na jibu lililomo ndani ya boksi lazima ukubali kitu kizito zaidi, kama alivofanya David Bohm 1952, chembe zake zina njia zake kamili, kila kitu kimefungwa kamba, ila kamba zenyewe zinavutana papo hapo kutoka ncha moja ya ulimwengu mpaka nyingine, na mahali pa kuanzia huwezi kupajua kamwe kwahiyo kutabiri hutabiri pia. Ni nadharia safi, siidharau. Mi kwa moyo wangu naona ni bei kubwa kulipa ili tu kusiwe na tukio lisilo na mwenyewe, na nadhani wanaoilipa wanasumbuliwa na kitu kilekile kilichotusumbua sisi kwenye matanga.

Lakini sasa niwe mkweli. Bamdogo hakuuawa na bahati ya ndizi. Tawi lilikuwa na sababu, kila kipande. Kumwambia shangazi au yeyote kwamba "fizikia imethibitisha mambo yanatokea bila sababu" ingekuwa uongo uliovaa koti la maabara, na nimeshasikia watu wanaufanya mtandaoni. Bahati ya kwanta ni kitu kimoja, kamba kupishana ni kingine, na kutojua ni cha tatu. Kwahiyo ndizi ilinisaidia nini?

Ilinisaidia kwa njia ya farasi. Mwaka 1898 mtaalamu wa takwimu Ladislaus von Bortkiewicz alichukua kumbukumbu za jeshi la Prussia, askari waliokufa kwa kupigwa teke na farasi, miaka 20, vikosi 10, kwahiyo ukiweka kikosi na mwaka unapata vyumba 200. Vifo vyote ni 122. Vyumba 109 havina kifo, 65 vina kimoja, 22 vina viwili, vitatu vina vitatu, na kimoja kina vifo vinne. Jiweke kwenye hicho kikosi, mwaka huo. Wenzako wanne wamekufa kwa mateke na vikosi zaidi ya nusu havina hata mmoja. Ungeambiwa hakuna mkono wa mtu ungekubali? Sasa chukua hesabu ya vitu vinavyoangukia vyumba ovyo ovyo bila kujuana, kanuni ya Poisson, inakwambia tegemea karibu 109, 66, 20, 4 na kimoja chenye vingi au kisiwepo. Ndo hivo hivo. Miaka 12 baadaye, 1910, Rutherford na Geiger wakakaa kuhesabu vimweko vya miali kutoka polonio, elementi yenye mionzi, vipindi 2,608 vya sekunde saba na nusu, na wakakuta umbo lilelile. Farasi ana sababu ya kila teke, inzi, kelele, askari mzembe. Atomu haina. Na ukizitazama kwa umbo la hesabu huwezi kujua ipi ni ipi.

Hiyo ndo nilikuwa naitafuta. Kurundikana siyo ushahidi wa mkono. Mambo yasiyojuana yakianguka, hayajipangi kwa nafasi sawa kama miche ya kahawa, yanarundikana, na asiyejua hilo akiona rundo ataanza kutafuta mtu.

Nilimpelekea baba mkubwa. Ni mzee wa miaka zaidi ya sabini, alikuwa karani wa chama cha msingi cha kahawa, hana mchezo na namba, na yeye ndo angeweza kusema neno likasikika. Nikamweleza farasi. Akanisikiliza mpaka mwisho akasema, mwanangu hao ni wazungu na farasi zao, mimi nitajuaje hawakuchagua? Nikaona yuko sahihi kuuliza hivo. Nikamuuliza, baba mkubwa una daftari la LUKU? Anaandika kila tokeni ya umeme anayonunua, tarakimu zote 20, tangu mita ifungwe. Akaleta. Tukachukua tokeni 21, za mwanzo mbili kwenye kila tokeni tukaziacha, zilizobaki 18 tukazikata tatu tatu, kila namba ikagawanywa kwa 200 na kinachobaki ndo chumba chake. Nilichora vyumba 200 kwenye kipande cha boksi la televisheni. Yeye anasoma, mi naweka punje ya mahindi, mpaka zikafika 122. Ilichukua mchana mzima, chai ikaja ikapoa.

Akahesabu mwenyewe, mara mbili, kidole kwenye kila chumba. Vitupu 106. Vyenye moja 70. Vyenye mbili 20. Vyenye tatu vinne. Akakaa kimya anaangalia kimoja kati ya vile vinne, kipo pembeni kabisa, na majirani zake wote vitupu. Akasema polepole, "Na hiki nacho nani amekiroga."

Sikujibu. Halikuwa swali.

Kuna jambo la Mpemba ambalo wanafunzi wangu wananiuliza kila mwaka na linaingia hapa. Erasto Mpemba, Mtanzania, akiwa sekondari ya Magamba 1963 aliona mchanganyiko wake wa aiskrimu ulioingia friza ukiwa wa moto unaganda kabla ya uliopoa, akauliza, akachekwa, hakuacha kuuliza, na 1969 yeye na mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu, Dk. Osborne, wakachapisha makala yake. Wakati huo alikuwa hapa juu Mweka, chuo cha wanyamapori. Tangu hapo zimetolewa sababu nyingi, mvuke, mizunguko ya maji, gesi zilizomo. Lakini 2016 watafiti wa Uingereza walirudia vipimo kwa uangalifu hawakuipata kwa namna ya kuaminika. Maji yanaweza kushuka chini ya sifuri bila kuganda mpaka yapate pa kuanzia, punje ya vumbi, mkwaruzo wa chombo, na hapo chombo kipi kianze ni suala la nasibu kubwa. Mpemba alifanya sawa kabisa, aliangalia na akauliza. Sisi tuliofuata ndo tulikimbilia kamba kabla ya kuhesabu mara ngapi.

Wiki iliyofuata baba mkubwa alinipigia asubuhi, akasema njoo uvae vizuri. Nilimkuta amekata isale kwenye ua wa nyumba ya zamani. Kwa asiyejua, kwetu Uchagani ukimwendea mtu na jani la isale unaomba msamaha, na aliyepelekewa hakatai. Tulienda wanne. Shangazi alikuwa anapalilia, akafuta mikono kwenye kanga. Tukamwamkia shikamoo shangazi, baba mkubwa ambaye ni kaka yake hakusema maneno mengi, alisema tumekukosea, akanyoosha jani. Shangazi alilipokea kwa mikono miwili akalishika muda mrefu bila kusema kitu, na mi niliangalia chini.

Afu akatuuliza, "Lile tawi lingine linaloinamia njia, ni nani atalikata? Toka msiba watoto wanapita pale chini kila siku, nimesema sana hakuna anayenisikia."

Tulienda Jumamosi na msumeno. Ndani lilikuwa limeoza, kidole kinaingia mpaka mwisho.